Firigisi ya Mkwe

Mara ya kwanza nilipojaribu kumweleza mtu mzima kwamba nimeacha kula kila kitu kitokanacho na mnyama, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama lishe mmoja pale Mwanjelwa, mchana wa mwezi Juni, baridi ya Mbeya ikipenya hadi kwenye mifupa, na nilichosema ni hiki: "Mama, mimi siku hizi nakula mboga tu." Alinitazama kwa huruma, akachukua sahani, akapakua vipande viwili vya nyama ya ng'ombe, samaki wa kukaanga na maharage, akaniwekea mbele bila ugali. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hata mdogo wake alikatazwa wanga kwa ajili ya sukari, na sasa anaendelea vizuri.

Yule mama hakunielewa vibaya. Mimi ndiye niliyesema vibaya. Kwetu mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali, na ukiuliza "mboga gani leo?" utajibiwa nyama, dagaa, kuku, maharage na figiri kwa pumzi moja. Kumwambia mpishi wa Mwanjelwa kwamba unakula mboga tu ni kumtangazia kwamba umeachana na ugali, jambo ambalo kusema kweli lingemshangaza kuliko kuachana na nyama. Nilikula maharage, nikaacha vingine, nikalipa bei ya vyote, nikaondoka nikiwa na njaa na aibu.

Ninaulizwa mara kwa mara, hasa na vijana wanaotaka kuishi hivi lakini wanaogopa nyumbani kwao, kwamba ujasiri wa kulizungumza jambo hili niliupata wapi. Wengi wanadhani niliupata kwenye hoja. Hoja nilikuwa nazo tangu siku ya kwanza, tena nyingi kupita kiasi, na hazikunisaidia chochote. Nilichokosa ni neno.

Neno wanalojiitia wenyewe wanaoishi hivi, vegani, halikunifaa. Lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake wachache walipojitenga na chama cha watu wasiokula nyama kwa kuwa wao walitaka kuacha maziwa na mayai pia, na walilipata kwa kuunganisha mwanzo na mwisho wa neno la Kiingereza lililokuwa likiwataja wasiokula nyama. Kwao ni neno lenye mantiki. Nilipolitamka sebuleni kwa mama mdogo, Kihesa, Iringa, aliweka kikombe chini akauliza, "Vegani? Ndiyo vitu gani hivyo?" Watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai, na kwa muda wa mwaka mzima nilipokuwa nikiingia kwenye nyumba ile nilipokelewa kwa kuitwa Mjomba Vitugani.

Basi nikakimbilia uongo. Nikasema daktari amenikataza, nina gauti. Ninakiri kwamba ni uongo mtamu sana, kwa sababu watu wetu wanauheshimu ugonjwa kuliko wanavyoiheshimu dhamiri, na hakuna anayembishia mgonjwa mezani. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa wiki tatu. Safari iliyofuata Iringa nilikuta mama mdogo amechinja kuku wa kienyeji na kuchemsha supu, kwa maelezo kwamba ameuliza hospitali akaambiwa kibaya ni nyama nyekundu, kuku hana neno. Jirani akaleta chupa ya mizizi iliyochemshwa. Jumapili jioni jumuiya ikakutana nyumbani hapo, nami nikaombewa kwa kutajwa jina, mkono wa mzee mmoja ukiwa juu ya goti langu zima kabisa, huku nimeinamisha kichwa na kutamani ardhi ipasuke. Nilikunywa ile supu. Sikuona njia nyingine, na ninaandika hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtu anayeishi hivi hajawahi kuteleza.

Neno nililolihitaji lilikuwa midomoni mwa watu wote siku zote. Nililisikia kana kwamba ni mara ya kwanza siku tulipokwenda na wenzangu wa kazini kula kitimoto baada ya kufunga hesabu za mwezi. Mwenzetu mmoja Mwislamu alikuja kwa ajili ya mazungumzo, na sinia lilipofika kwake alisema, "Mimi situmii," akavuta chipsi zake. Mwingine, mlokole, alipoulizwa bia gani, akajibu hivyo hivyo: "Situmii, niletee soda." Hakuna aliyegeuka kuwatazama. Hakuna aliyewauliza kuhusu afya zao wala kuwataka watetee imani zao, na sinia likaendelea na safari yake.

Nilirudi nyumbani nikiwa nalitafuna lile neno. Nikisema "sili nyama" mbele ya chakula kilichokwisha pikwa, msikilizaji anaweza kusikia kwamba nimesusa, na kususa chakula cha mtu ni kumwambia kuna jambo kati yetu. Nikisema "sipendi" nimemtukana mpishi. Nikisema "siruhusiwi" ataniuliza ni nani huyo asiyeniruhusu, na pengine atataka kwenda kuzungumza naye. Lakini "situmii" haimgusi mpishi, haina hasira, haina mkubwa anayekataza. Inataja desturi ya mtu, na sisi ni watu tunaojua kuishi na desturi za wenzetu. Katika meza moja ya arusi pale Mbeya unaweza kumkuta asiyetumia nguruwe, asiyetumia pombe, Msabato asiyetumia kambale, na mtu ambaye ukoo wake una mwiko wa mnyama fulani na hajui hata ulianzia wapi. Kiti changu kilikuwa tayari kimewekwa hapo, mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni nikijieleza.

Kwa mama lishe mambo yalinyooka mara moja. "Nyama situmii, maziwa situmii. Maharage haya yameungwa na nini?" Kitenzi hicho cha kuunga ndicho chenye kazi, kwa sababu jibu la kwanza karibu daima litakuwa, "Nyama hamna, ni mchuzi wake tu kidogo." Hadanganyi. Kwake nyama ni kipande unachokiona. Ukiuliza kilichounga, atakuambia kama ni alizeti, ni karanga, ni maziwa au ni unga wa dagaa, na ukimzoea atakutengea bakuli kabla hajaunga. Mimi wangu sasa ananitengea bila kuombwa, na ananitoza shilingi mia mbili pungufu, kwa hesabu zake mwenyewe ambazo sijawahi kuzihoji.

Mtihani wenyewe, hata hivyo, ulikuwa ukweni.

Mke wangu ni wa Rungwe, si mbali sana na Tukuyu, mahali ambapo migomba inaanza mlangoni na mvua haikumbuki kukatika. Mkwe akija, anachinjiwa. Jogoo akishapikwa, firigisi inatengwa kwenye kisahani kidogo na kuwekwa mbele yake, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu ambako kipande hicho ni cha baba au cha mgeni wa heshima, na watoto hujifunza mapema kutokuiuliza. Kwa miaka minne niliila ile firigisi. Mwaka wa tano, tukiwa ndani ya basi kutoka Mbeya, mke wangu aliniuliza kama nimepanga kuumwa tena gauti, na nikamwambia hapana, safari hii nitasema.

Nilichelewa kidogo. Tulipofika uani shemeji yangu alikuwa tayari amembana jogoo kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, na yule jogoo alikuwa ametulia kwa namna ile ambayo kuku hutulia akishikwa vizuri, jicho moja likizunguka. Nilimwamkia baba mkwe shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikapokewa mzigo, na kabla sijakaa nikasema, "Baba, naomba nitamke neno kabla kisu hakijatoka."

Alikaa yeye kwanza. Nikamwambia kwamba ninashukuru kwa jogoo, kwamba wenye kuchinja wachinje kwa ajili ya wengine wote, ila mimi nyama situmii tena.

"Umekuwa Msabato?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Rasta?"

"Hapana."

"Mganga?"

"Hapana, baba. Sijakatazwa na mtu. Nyama situmii, wala mayai, wala maziwa."

Neno la mwisho ndilo lililomwinua kichwa. Kwa Mnyakyusa wa umri wake nyama ni sherehe, lakini maziwa ni nyumba. Mtindi pamoja na ndizi au viazi si kinywaji cha mgeni, ni chakula alichokua nacho, na ng'ombe anayetoa maziwa hayo ana jina na anajulikana mama yake. "Hata maziwa?" alisema, kisha akanyamaza kwa muda ambao hata jogoo aliuona mrefu, na ndipo akasema kwa upole kabisa: "Sasa wale ng'ombe uliotuletea wa mahari, ulikuwa umetuletea wa nini?"

Sina jibu la swali hilo hadi leo. Nilicheka kwanza mimi, akafuata mama mkwe kutoka jikoni, kisha yeye mwenyewe, na ninaamini kwamba kile kicheko kilifanya kazi ambayo hoja zangu zote zisingeifanya, kwa sababu kilionyesha kwamba ninaweza kuulizwa swali gumu nisichukie. Mtu anayechukia akiulizwa kuhusu chakula chake huonekana ana jambo analolificha.

Shemeji hakuridhika. Yeye ni mzee wa kanisa, Moraviani, na alipomaliza kazi yake na kunawa mikono alinijia na Warumi 14, mahali ambapo Paulo anasema kwamba mmoja anaamini anaweza kula vyote, na yule aliye dhaifu hula mboga. Alilitamka hilo "dhaifu" akinitazama kifua. Nilimwomba asome mstari unaofuata, unaomwambia anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Akasoma kimya, akafunga kitabu, na baada ya dakika chache akarudi na swali bora zaidi, ambalo naliheshimu kuliko yote niliyowahi kuulizwa: mahindi ya ugali huu yamelimwa kwa maksai, yamekuzwa kwa samadi, na viatu vyangu ni vya ngozi, je, huko kutotumia kwangu kunaanzia wapi na kuishia wapi?

Nikamkubalia. Viatu vile nilivinunua zamani na nilikuwa nikivimalizia. Samadi siwezi kuikwepa katika mkoa huu hata nikitaka, na sina shamba la kulima kwa mikono mitupu. Chama kile walichokianzisha Watson na wenzake, katika maelezo yake ya namna ya kuishi hivi, kinasema mtu ajiepushe na kuwatumia wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka, na maneno hayo mawili ya mwisho yamenipa nafuu kubwa. Nilimwambia shemeji kwamba mimi si msafi, ninapunguza tu. Nimegundua kwamba watu wa kwetu wanaweza kumvumilia mtu anayepunguza, ila anayejidai msafi watamchunguza hadi mkanda wa suruali.

"Basi kwa nini?" aliuliza, na safari hii alikuwa anauliza kweli.

Nilikuwa nafuga nguruwe Uyole, sita, kama mradi wa pembeni. Mmoja, jike, alijua mlio wa pikipiki yangu na kuutofautisha na za bodaboda zote za mtaa, akawa anasimama kwenye ukuta wa banda kabla sijakata kona. Siku ya kumuuza nilikuja na pikipiki ile ile kumwonyesha mnunuzi banda, naye akasimama pale pale ukutani kama kawaida. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Sikulia, wala sikuota ndoto. Niliuza wote sita kwa bei nzuri, nikalipa ada ya shule, na miezi kadhaa baadaye nikaona kwamba kila nikikaa mbele ya kitimoto ninasikiliza pikipiki. Yaliyobaki, mayai na maziwa, yalifuata polepole kwa kufikiri, na huko kufikiri ndiko nilikokuwa nikikueleza mwanzoni kabisa mwa mazungumzo yangu ya zamani, nikianza na ndama wanaonyimwa maziwa ya mama zao na vifaranga vya kiume vinavyouawa kwa kuwa havitagi, kumbe watu walitaka kusikia habari za nguruwe mmoja. Shemeji, ambaye naye anafuga, alisema, "Wanajua, hawa," akaishia hapo.

Lakini aliyeninyamazisha siku ile ni mama mkwe. Alileta maji ya kunawa, akasema bila kunitazama: "Mwanangu, sisi tunakula maharage wiki nzima tukiingojea nyama ya sikukuu. Wewe umeipata, unaikimbia." Hakukuwa na kejeli ndani yake, na nilijua anachokisema, kwa sababu hata mimi nimekulia katika nyumba ambayo nyama ilihesabiwa vipande. Kwa watu wengi wa vijijini kutokula nyama si uamuzi, ni tarehe ya mwezi, na mtu aliyesoma akija kukitangaza kile wanachokikosa kuwa ni kitu kibaya, anawakumbusha umaskini wao kisha anajisifu kwa kuuiga. Tangu siku ile siwazungumzii watu wasiokuwa na nafasi ya kuchagua. Nikiulizwa nitajibu, nisipoulizwa nitakula na kusifia chumvi. Bidii yangu naipeleka kwa wenzangu wa mjini, wanaoweza kuagiza kilo ya kitimoto Jumatano bila sababu, na hao sina huruma nao sana.

Hofu ya afya ni nyepesi kuijibu, isipokuwa sehemu moja. Mtu akiniambia nitakosa nguvu ninamwonyesha gunia la maharage: gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 20 na ushei, na sisi tunaishi jirani na kituo cha utafiti cha Uyole kilichotutolea mbegu kama Uyole 96 na Uyole Njano, kwa hiyo itakuwa aibu kudhoofika kwa kukosa maharage mahali hapa. Kande, njegere, karanga, ulezi, parachichi la Rungwe, uyoga wa pori unaouzwa barabarani Iringa masika yakikolea, majani ya maboga. Orodha hiyo niliikuta, sikuiagiza. Ninakamulia limau kwenye mboga za majani ili mwili uyapate madini ya chuma, na chai, ambayo huyazuia, nainywa baadaye kidogo, nidhamu ngumu kwa mtu aliyelelewa na chai ya Mufindi. Sehemu isiyo nyepesi ni vitamini B12. Mimea haitupi kwa kiasi cha kutegemewa, mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku, na akikosa kwa muda mrefu damu na mishipa ya fahamu huharibika, tena polepole, kwa kuwa ini huwa na akiba inayoweza kumdanganya kwa miaka. Mimi nameza vidonge vyake. Nilikuwa nakificha kichupa kile kwenye soksi kila tulipokwenda ukweni, nikiona kwamba kitaniumbua. Sasa nakiweka mezani karibu na chumvi, na akiuliza mtu, ninamwambia kwamba hiki ndicho ambacho maharage hayana. Nimeona watu wakiniamini zaidi kwenye mengine yote baada ya kukiri hilo moja.

Misibani sizungumzi kabisa. Napokea sahani, namwachia aliye jirani nyama, nafuata ratiba.

Ile jioni ya kwanza chakula kilipoletwa, kisahani kidogo kilikuja vilevile na kuwekwa mbele yangu, kwa sababu mkono uliozoea haujui habari za mazungumzo ya uani. Nilikishika kwa mikono miwili, nikamrudishia baba mkwe, nikamwomba aiamulie. Akampa shemeji, na ikawa hivyo kwa safari kadhaa: mimi nakula ndizi zilizopikwa kwa karanga kwenye sufuria ya peke yake, shemeji anakula firigisi yangu akinishukuru kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ndaga fijo, mkwe, ndaga fijo.

Krismasi iliyopita shemeji alikuwa safarini. Kisahani kilikuja, nikakirudisha, baba mkwe akakaa nacho kwa muda akitazama waliokuwepo mkekani, kisha akamwita binti yangu, ambaye ana miaka saba na ambaye, kama bibi yake na mama yake kabla yake, hajawahi kupewa kipande hicho katika nyumba ile. Yeye anakula nyama. Mimi na mama yake tulikubaliana kwamba ataamua akikua. Aliichukua firigisi kwa vidole viwili, akaigeuza, akanigeukia mimi kwanza.

"Baba, nile?"

"Muulize babu," nilimwambia. "Ni ya kwake kugawa."

Babu yake alikuwa ameshaanza kunawa mikono.